Kuchagua Maikrofoni ya Kamera Yetu Ndogo

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wahamasishaji wa vikundi, makatekista na vijana wa habari wa parokia, siku ya pili ya semina yao. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa kuwa wengi waliomba nakala.



Ketini, na wale walio nyuma kabisa wasogee mbele, viti viko. Leo tunazungumza juu ya sauti, na itakuwa aibu kama kuna mtu atatoka hapa bila kusikia.

Padre amenipa saa moja nizungumze juu ya jambo ambalo limeleta maneno mengi katika vikundi vyetu mwaka huu. Vikundi kadhaa hapa vimepata kamera ndogo ya video, vingine kwa msaada, vingine kwa kuchanga. Sasa kila kikundi kinauliza swali moja: tununue maikrofoni gani? Vijana wanataka zile zisizo na waya kwa sababu wameziona kwenye simu, kila msemaji ana kidude kifuani. Mweka hazina anasema kamera ina maikrofoni yake tayari, ya nini kununua nyingine? Na pesa zenyewe ni za kina mama, wamezichanga kidogo kidogo kila Alhamisi. Kwa hivyo si jambo la mchezo.

Mimi si fundi wa mitambo. Ni mfanyakazi wa jamii, na kazi yetu ya kwanza tuliyofundishwa ni kusikiliza. Nitazungumza kutoka upande huo. Lakini mambo ya ufundi yaliyo ya lazima nitayataja, maanake ukikosa kuyajua utauziwa kitu kisichoingia hata kwenye tundu la kamera yako.

Tuanze na kamera yenyewe. Hizi kamera vijana wanaziita za vlogu. Ziko nyingi, na baadhi yenu mnazo: Sony ZV-1 iliyotoka mwaka 2020, Canon PowerShot G7 X Mark III ya mwaka 2019, na Canon PowerShot V10 ya mwaka 2023. Zote zinaingia mfukoni, na kioo chake kinageuka ili mtu ajione anapojirekodi. Hapo ndipo mwelewe kitu kimoja. Aliyezitengeneza alikuwa akimfikiria kijana aliyeinyosha kamera kwa mkono wake mwenyewe, uso wake uko karibu nusu mita na kamera, na anaongea kwa nguvu kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Kwa mtu huyo, maikrofoni iliyo ndani ya kamera yaweza kutosha.

Sisi tunaitumia namna gani? Tunaiweka juu ya kigoda au juu ya miguu mitatu, halafu tunamkalisha mama mita mbili mbele yake, au hata tatu, ili aonekane yeye na nyumba yake na ng'ombe wake. Mama mwenyewe haongei kwa nguvu. Pengine anasimulia jinsi alivyonyang'anywa shamba baada ya mume wake kufa. Nani hupiga kelele akisema jambo kama hilo? Anainama, anazungumza na mikono yake. Na nyuma ya nyumba kuna mashine ya kusaga unga.

Sasa hesabu kidogo, msiogope. Sauti ikisafiri hewani, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo. Kutoka sentimita 20 mpaka mita 2 ni mara kumi. Kwa hivyo nguvu ya sauti ya mama inayofika kwenye kamera iliyo mita 2 ni sehemu 1 tu kwa 100 ya ile ambayo ingefika kwenye maikrofoni iliyo kifuani pake. Ile mashine ya kusaga je? Iko mbali kama mita 100. Ukiweka maikrofoni kifuani pa mama au ukiiacha kwenye kamera, mashine inasikika karibu sawa. Yaani ukikaa mbali na mama, unampunguza mama peke yake, mashine hupunguzi. Ndani ya nyumba hesabu inabadilika, kwa sababu sauti inagonga ukuta na mabati na kurudi, lakini hiyo inayorudi ndiyo ule mwangwi unaofanya maneno yasikike kama yanatoka ndani ya pipa.

Kwa hivyo mkisahau mengine yote, shikeni hili: maikrofoni ya bei ndogo iliyo karibu na mdomo inashinda ya bei kubwa iliyo mbali. Duka lolote likiwaambia vingine, liambieni liwaonyeshe kwa vitendo.

Kuna jambo lingine ambalo kamera inafanya bila kukuuliza. Ikiachwa ijipangie sauti yenyewe, inafanya hivi: mtu akiongea kwa nguvu inapunguza, mtu akinyamaza inaongeza ili itafute kitu cha kusikia. Sasa mama anasimulia, anafika mahali pagumu, ananyamaza. Kamera inadhani haisikii vizuri, inapandisha, na katika ule ukimya mnasikia kuku, upepo, redio ya jirani, vyote vinakuja juu kama mawimbi. Halafu mama anaanza tena, neno la kwanza linapasuka. Wale wenye huzuni ndio hunyamaza mara nyingi, kwa hivyo wao ndio huharibiwa zaidi. Kwenye Sony ZV-1 na kwenye G7 X Mark III unaweza kuingia ndani ya mipangilio na kuiambia kamera kwamba kiwango cha sauti utakiweka wewe. Fanyeni hivyo. Mwambieni mtu aongee kama atakavyoongea, mtazame ile mistari inayocheza kwenye kioo, mwiweke ili ikipanda sana ifike karibu na alama ya 12 chini ya sufuri, isiguse mwisho wenye rangi nyekundu. Sauti iliyopasuka hairekebishiki, hata kwa kompyuta ya askofu.

Haya, tufike kwenye kununua. Kwa jumla mtakutana na namna tatu.

Ya kwanza ni ile fupi inayowekwa juu ya kamera, imevaa manyoya. Iliyo maarufu ni Rode VideoMicro, ilitoka mwaka 2015. Haina betri, inapewa umeme kidogo na kamera yenyewe kupitia lile tundu la milimita 3.5. Ni kifaa kizuri. Inasikia zaidi kilicho mbele yake kuliko kilicho nyuma. Lakini watu wengi wanafikiri inavuta sauti kutoka mbali kama darubini inavyovuta picha. Haivuti! Inapunguza tu kelele za pembeni. Ikiwa juu ya kamera, na kamera iko mita mbili, maikrofoni nayo iko mita mbili, na hesabu yetu ni ile ile. Inafaa nani? Inamfaa kijana anayejirekodi mwenyewe, au anayetembea sokoni na kamera mkononi akiuliza wauzaji bei ya nyanya, hatua moja kati yao. Pia ukiwa na waya wa kurefusha unaweza kuitoa kwenye kamera, ukaifunga kwenye fimbo na kuishikilia juu ya kichwa cha msemaji, nje ya picha. Hapo inafanya kazi nzuri sana, ila mwenye kushika fimbo awe na mikono ya mvumilivu.

Angalieni kwamba si kila kamera ina pale juu pa kuiwekea. Canon G7 X Mark III haina. Mtahitaji kijichuma cha pembeni cha kushikilia, na hicho ni gharama nyingine ambayo mwenye duka hasemi mpaka umelipa.

Ya pili ni ile ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye waya. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa vikundi vyetu vingi, na nitaeleza kwa urefu.

Kabla ya hapo, kando kidogo, kwa faida ya vijana. Nyingi za hizi maikrofoni ndogo zinatumia ufundi uliobuniwa mwaka 1962 katika maabara ya Bell kule Marekani na watu wawili, Gerhard Sessler, Mjerumani, na James West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931, wakati ambapo watoto weusi huko walisoma katika shule za kutengwa. Kabla ya hapo maikrofoni nzuri ilikuwa kubwa, ya bei ghali, na ilihitaji umeme mwingi. Wao walipata njia ya kuhifadhi chaji ndani ya kipande chembamba cha plastiki, ndiyo maana leo kitu cha ukubwa wa punje ya hindi kinaweza kukusikia vizuri. Kijana akikwambia sayansi si ya watu wetu, mtajie huyo West.

Turudi. Ile ambayo mtaikuta kila mahali ni Boya BY-M1. Waya wake ni mita 6, na hiyo ni faida kubwa, maanake kamera inaweza kukaa mbali na mtu asijisikie anahojiwa na polisi. Inasikia pande zote, kwa hivyo hata ikigeuka kidogo nguoni si neno. Ndani ina betri ndogo ya duara, LR44, na ina swichi: upande mmoja ni wa simu, upande mwingine ni wa kamera. Hapa ndipo vikundi hukwama. Swichi ikiwa upande wa simu na wewe umeichomeka kwenye kamera, unaweza kupata sauti hafifu au usipate kitu. Na ukiisahau upande wa kamera, betri inaendelea kutumika bure. Betri ya pili iwe ndani ya mfuko, na mtu mmoja awe na kazi ya kuangalia swichi. Mtu mmoja anayejulikana kwa jina, kwa sababu kazi ya wote ni kazi ya mbwa na paka, kila mmoja anamngojea mwingine.

Pa kuibana ni shibiri moja chini ya kidevu. Ikiwa juu sana kidevu kinaifunika, ikiwa chini sana tunarudi kwenye umbali. Mzee wa koti hana shida, unaibana kwenye ukosi. Kina mama ndio wanahitaji uangalifu. Leso ikipita juu ya maikrofoni, kila akipumua mtasikia kama mtu anafagia. Rozari, mkufu, shanga, hata kitambulisho cha kuning'inia, vyote vinagonga. Muombe kwa adabu aviweke kando au avisogeze, na umweleze kwa nini. Na hapa vijana wa kiume wanisikilize vizuri: humbandiki mama wa watu maikrofoni kifuani. Unampa mkononi, unamwonyesha kwenye shati lako wewe mwenyewe, yeye anajibandika. Kama anataka waya upite ndani ya nguo, anaingia nyumbani na binti wa kikundi kumsaidia. Nimeona mahojiano mazuri yakifa kabla ya kuanza kwa sababu kijana alinyosha mkono haraka. Mama alijibu kila swali kwa "ndiyo" na "hapana" mpaka mwisho.

Waya upitishwe chini ya kiti, na ufungwe kwa utepe au uwekewe jiwe. Kama kuna mbuzi au mtoto wa miaka miwili, msiniambie baadaye sikusema.

Kuna swali liliulizwa jana: je, anayeuliza maswali naye hahitaji maikrofoni? Kwa kazi yetu, mara nyingi hapana. Akae karibu na msemaji, aulize kwa sauti ya kawaida, maikrofoni ya msemaji itamsikia vya kutosha kujua swali lilikuwa nini. Anayetakiwa kusikika ni yule mwingine. Mkiwa na kazi ya watu wawili wanaojadiliana, ziko za vichwa viwili kwenye waya mmoja.

Ya tatu sasa, hii isiyo na waya, ambayo najua wengine mmeingojea. Sisemi ni mbaya. Rode Wireless GO ya mwaka 2019 ilikuwa na kidude kimoja cha msemaji na kimoja cha kwenye kamera. Wireless GO II ya mwaka 2021 ilikuja na viwili vya wasemaji. Baadaye kampuni nyingine zikafuata, na bei zake ni za kila namna. Kama kazi ya kikundi chenu ni kuonyesha mkulima akitembea kwenye matuta akieleza jinsi alivyozuia mmomonyoko, au maandamano ya Ekaristi, au mafunzo ya kuchimba zai, basi waya utawasumbua na hii ndiyo dawa.

Lakini hesabuni gharama yake yote. Vidude vitatu, vyote vinataka chaji. Wireless GO II inatajwa kudumu mpaka saa 7, lakini hiyo ni ikiwa mpya na imejaa. Mnakwenda kijiji ambacho stima haijafika, mmelala huko siku mbili, mtachaji wapi? Kwenye pikipiki? Pili, nyingi zinatumia masafa ya gigahazi 2.4, ndiyo yale yale ya Wi-Fi. Katika shamba la mahindi hakuna shida. Katika ukumbi wa mjini ambapo watu mia wana simu mfukoni, sauti yaweza kukatika katika. Na mwili wa binadamu unayazuia hayo masafa, maana mwili ni maji mengi. Msemaji akiipa kamera mgongo na kidude kiko kifuani, anaweza kupotea. Tatu, ni vidogo na vinapotea. Nne, na hii naisema kwa msisitizo: zile za bei rahisi zinazouzwa kando ya barabara, nyingi kipokezi chake kinaingia kwenye tundu la chaja ya simu. Hakiingii kwenye kamera, na hata mkitafuta kiunganishi kamera yenu ndogo haitakitambua. Hiyo ni maikrofoni ya simu. Ukitaka ya kamera, hakikisha kipokezi kina waya unaoingia kwenye tundu la milimita 3.5.

Juu ya hayo matundu, kuna njia ya kujua bila kuuliza mtu. Tazameni plagi. Ikiwa na vijipete viwili vyeusi, kwa kawaida ni ya kamera. Ikiwa na vitatu, kwa kawaida ni ya simu, na itahitaji kiunganishi. Boya niliyoitaja ina vitatu lakini ile swichi yake ndiyo inayoiwezesha kufanya kazi pande zote mbili.

Kuna wale watakaosema, tutumie ile maikrofoni ya kanisani, ya nini kununua? Ile ya mkononi ya kwaya imetengenezwa kwa mitambo ya kanisa. Kwenye kamera ndogo inatoa sauti hafifu sana, na plagi yenyewe haiingii. Na kinyume chake, msichukue waya kutoka kwenye mtambo wa kanisa moja kwa moja mpaka kwenye kamera wakati wa Misa. Umeme wa sauti unaotoka pale ni mkubwa kuliko kamera inavyotarajia, na mahubiri yote ya Padre yatasikika kama mabati yanayokatwa. Kuna waya maalumu za kupunguza, fundi anazijua.

Sasa niwaambie kwa nini nimechukua muda wote huu juu ya kitu kidogo hivi.

Kikundi kimoja, si lazima niseme cha wapi, kilikwenda kumrekodi mzee mmoja aliyejua habari za chemchemi ya kijiji: nani aliichimbua, familia zipi zilikubaliana kutoifunga, mipaka yake ilipita wapi kabla ya ile barabara. Picha zilikuwa nzuri ajabu. Mzee chini ya mti, jua la jioni, mkono wake ukionyesha kilima. Walitumia maikrofoni ya ndani ya kamera kwa sababu walikuwa wamemaliza pesa kwenye taa. Siku ile kulikuwa na upepo. Hawakusikiliza pale pale, walifurahia picha wakaenda zao. Mzee akafariki kabla ya mvua za masika. Mwaka uliofuata mtu akaweka ua kuzunguka ile chemchemi, na wazee wa baraza wakaomba wasikie alichosema marehemu. Walikaa mbele ya kompyuta, watu saba wazima, wanamwona mzee anaonyesha, midomo inasonga, na wanachosikia ni upepo tu. Mmoja alisema afadhali wangekuja na daftari.

Ndiyo sababu nawaambia kuchagua maikrofoni ni kuchagua nani atasikika. Mwenyekiti wa kaunti atasikika kwa kifaa chochote, amezoea mikutano. Anayepotea ni yule wa sauti ndogo: mjane, mzee, mgonjwa, msichana ambaye hajawahi kuulizwa maoni yake. Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliutoa ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni ya mwaka 2022 wote juu ya kusikiliza kwa sikio la moyo. Moyo tunao, nakubali. Lakini bila kile kitu cha kubana kwenye nguo, wale wengine wasiokuwepo siku ile hawatamsikia mjane huyo.

Juu ya upepo. Sponji nyeusi inayokuja na maikrofoni inazuia pumzi ya mdomo, basi. Upepo wa kweli, kama ule wa Marsabit au wa kando ya ziwa Turkana, unataka manyoya. Kuna manyoya madogo ya maikrofoni za nguoni, ni bei ndogo, nunueni siku ile ile. Sony ZV-1 inakuja na manyoya yake ya kufunika maikrofoni ya juu ya kamera, watu wengi huyaacha ndani ya sanduku wakidhani ni pambo. Kama hamna manyoya, msemaji akae upande wa nyumba usio na upepo, mgongo wake uelekee upepo unakotoka. Mvua juu ya mabati haina dawa. Ngojeni ipite, mnywe uji.

Na kusikiliza. Hizi kamera mbili, ZV-1 na G7 X Mark III, hazina tundu la hedifoni. Huwezi kusikia kinachoingia wakati kinaingia. Kwa hivyo kabla ya kuanza rekodi dakika moja, simamisha, cheza, weka sikio kwenye spika ya kamera. Kisha rudia hivyo baada ya swali la kwanza la kweli. Mtu hachukii kungoja dakika mbili ukimweleza kwamba unataka maneno yake yasipotee. Mimi nimeona wanafurahi.

Wale ambao pesa hazijatimia hata za ile ya waya na manyoya, kuna njia. Chomekeni maikrofoni ya nguoni kwenye simu, washeni programu ya kurekodi sauti, wekeni simu kwenye hali ya ndege ili isilie, na msemaji aitie mfukoni. Kamera inachukua picha na sauti yake mbaya, simu inachukua sauti nzuri. Mwanzoni mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Baadaye kwenye kompyuta, kijana anaweka kofi la simu juu ya kofi la kamera, na vinakwenda pamoja. Ni kazi ya ziada, lakini haigharimu kitu. Simu nyingi mpya hazina tena tundu la milimita 3.5, kwa hivyo simu ya zamani ya shangazi inaweza kuwa bora kuliko yenu.

Mkienda kununua Nairobi, pale Luthuli Avenue au kwingineko, nendeni wawili, na mwende na kamera yenu ikiwa na chaji na kadi. Msinunue kwa kuonyeshwa sanduku. Bandika pale pale mlangoni, matatu zikipiga honi, rekodi dakika moja, sikilizeni. Halafu toeni maikrofoni, rekodi tena kwa kamera peke yake. Kama hamsikii tofauti, kitu hicho hakifanyi kazi au si cha kweli, maanake bidhaa bandia zimejaa na majina yale yale makubwa. Dai risiti yenye jina la kifaa. Mwenye duka akikataa mjaribu, shukuruni mwondoke, maduka ni mengi.

Jambo la mwisho, na si la ufundi. Maikrofoni ya kifuani haijui nini ni siri. Mahojiano yamekwisha, mnafunga kamera, mama anamgeukia dada yake anasema neno la nyumbani. Kama kile kitu bado kinarekodi, mnalo. Kwa hivyo kabla ya kuanza mwambieni waziwazi kwamba kinasikia hata kunong'ona, mwonyesheni pa kuzima, na mkimaliza mkizime yeye akiona. Kikiwa kimechukua lisilowahusu, futeni mbele yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mtu akubali mwenyewe akijua mtatumia maneno yake vipi, na anaweza kubadili nia. Ile karatasi ya kukubali isomwe kwa lugha yake, isiwe ya kutia kidole gumba haraka haraka.

Basi, maswali tutayachukua baada ya zoezi. Mmegawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza mtakaa chini ya mwembe, la pili kando ya mashine ya kusaga hapo ng'ambo, la tatu humu ndani ya ukumbi chini ya mabati. Kila kundi mrekodi mtu mmoja mara tatu, dakika moja moja: kwa maikrofoni ya ndani ya kamera, kwa ile ya juu, na kwa ile ya kifuani. Msimchague kiongozi wa kwaya. Mchague mwenye sauti ndogo kabisa katika kundi lenu. Saa sita kamili turudi hapa tusikilize zote tisa, macho yakiwa yamefumbwa. Chai iko tayari kule nyuma, na Sista anasema maandazi ni mawili kwa kila mtu, ameyahesabu.